Spika ya Kulia

Mpaka leo mtu akinielekeza niende kulia, huwa nasita kidogo. Si kwa muda mrefu, ni kama kupepesa macho, lakini hapa Kigali kupepesa macho kunatosha kukupitisha njia panda. Juzi nilikuwa nimepanda pikipiki nakwenda Kibagabaga kwenye usaili wa kazi, wa nne tangu nimalize chuo, na motari, yaani dereva wake, akageuza shingo akaniuliza, "Kuria ama kushoto?" Njia nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeipitia kwenye simu mara nyingi kuliko nilivyopitia majibu ya usaili wenyewe. Ila neno lile lilipoingia ndani ya helmeti, tena likiwa na R badala ya L, nilibaki kimya kama mtu aliyeulizwa jina la marehemu. Tukapitiliza. Nilifika nimechelewa dakika chache, nikaomba radhi mara tatu mbele ya watu ambao hawakuwa hata wameangalia saa.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu siku ile, kama ninavyofikiria kila kitu, na nimeona bora niliandike. Nyinyi wa rika langu mliowahi kuanika mawe ya redio juani ili yapate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari mtanielewa haraka.

Tulikaa Kicukiro, juu kidogo ya Sonatubes, katika nyumba ya kupanga iliyochangia ukuta na nyumba ya jirani. Baba alikuwa motari. Mama alizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, na aliporudi Rwanda alirudi na Kiswahili chake kizima, kama mtu aliyehama na sanduku la vyombo asivunje hata kikombe. Nyuma yake alikuja mama yake mzazi, Bibi yangu. Kwa hiyo ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili, na shuleni na kwa majirani tulizungumza Kinyarwanda. Mimi nilikuwa darasa la pili, na Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni. Kila neno nililijua kwa kazi niliyoliona likifanya.

Neno "kulia", kwa mfano, nilijua linafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa ya machozi. Ya pili ilikuwa ya chakula, maana kila nilipotia mkono usiofaa kwenye sahani Bibi alinigonga vidole: "Tumia mkono wa kulia!" Hilo halikunipa shida. Kuna mkono wa kulia chakula, na kuna ule mwingine. Kwamba kulia ni upande, upande ambao miti na nyumba na barabara zinaweza kuwapo, hakuna aliyeniambia. Upande huo mimi niliuita iburyo, kama mwalimu wetu alivyotufundisha, na wa pili ibumoso, na nilidhani dunia haihitaji majina mengine.

Sasa, Bibi alikuwa na sikio moja bovu. Wageni wakija Mama aliwaonya mapema: "Mama hasikii sikio la kulia." Wageni waliitikia kwa huruma, wakahamia upande mwingine wa kiti, na mimi niliyekuwa chini ya meza nikaelewa kwamba binadamu ana masikio mawili ya kazi tofauti, na kwamba la Bibi lililoharibika ni lile la kusikilizia vilio.

Msinicheke kabla hamjasikia ushahidi. Nilikuwa mtoto wa kukusanya ushahidi, na tabia hiyo haijaniacha. Bibi alikaa kutwa kwenye kiti chake kando ya mlango, sikio moja limeelekea redio iliyokuwa mezani, la pili limeelekea uani tulikochezea. Nilipoanguka uani nikalia, hakuja. Kifaranga changu kilipochukuliwa na mwewe nikalia mpaka jirani akatoka, Bibi aliendelea kutikisa kichwa akikubaliana na mtangazaji. Lakini utani aliusikia wote! Mtu akimsimulia kichekesho akiwa upande wa meza, Bibi alicheka mpaka akakohoa. Hivyo nikapata jibu la sikio la pili pia: lile zima lilikuwa la kuchekea. Sikumkasirikia. Nilimwonea huruma, na nikaamua kwamba kulia uani ni kupoteza nguvu bure. Tangu hapo nikipata la kulia nilikwenda nyuma ya tangi la maji, nikalia kwa kifupi, nikanawa uso, nikarudi mchezoni.

Kwa ajili ya sikio lile, redio yetu ilisema kwa nguvu sana. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa muuguzi aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Mwanzoni aligonga ukuta kwa kiatu. Siku moja akaja mwenyewe, amejifunga kitenge, macho mekundu.

"Dada, mbabarira," alimwambia Mama, yaani nisamehe. "Sipendi maneno. Lakini nimekesha na wagonjwa, nikilala naota taarifa ya habari. Leo nimeota natangaza hali ya hewa. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Mama aliomba radhi akicheka. Bibi hakucheka. Jirani alikuwa amesimama upande wa meza, kwa hiyo Bibi alisikia kila neno. Jirani alipoondoka, akaizima redio mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Jumamosi nitakwenda Kabuga," alisema. "Kwa dada yako. Nyumba yake haina mtu ukutani."

"Mama, ni redio tu. Tutapunguza."

"Mkipunguza sisikii. Msipopunguza watu hawalali. Na mimi nimekaa mno kwa mkwe, mwanangu. Mtu anahemea nyumba nzima, anarudi hana hata pa kukaa kimya."

Hapo lazima nieleze jinsi Baba na Bibi walivyoishi. Hawakugombana hata siku moja. Waliheshimiana kiasi kwamba walishindwa kuongea. Baba alimwita Mabukwe, mama mkwe, tena kwa sauti ya mtu aliye kanisani, na zaidi ya salamu maneno yao yote yalipitia kwangu. "Mwambie baba yako chai ipo," Bibi angesema, Baba amekaa hatua mbili kutoka kwake. "Mwambie bibi yako nashukuru, nitakunywa," Baba angejibu. Nami nilitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili, nikijiona mtu muhimu sana. Sasa ndiyo naona kwamba kila mmoja alidhani anamsumbua mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunituma na ujumbe wa namna hiyo.

Kabuga si mbali. Ni basi moja tu, na watu huenda na kurudi siku hiyo hiyo na magunia yao. Lakini mimi nililala na Bibi kitanda kimoja, na nilipojaribu kukifikiria kitanda kile bila yeye, nilikiona kipana kama uwanja wa mpira. Wala hakuna aliyeniuliza.

Baba aliambiwa jioni. Alisikiliza, akala, akalala. Kesho yake, siku ya Jumatano, alirudi na mfuko wa plastiki wenye spika mbili ndogo za kompyuta, za kijivu, zilizojaa vumbi. Pale Sonatubes kulikuwa na chumba cha intaneti kilichokuwa kinafungwa, naye alikuwa amewasaidia kuhamisha viti, wakamwambia achukue anachotaka. Alizipanga mezani, akatoa mfukoni simu yake ya zamani iliyopasuka kioo. Ilikuwa haipigi tena, lakini redio yake ilikuwa bado inashika.

"Nitamtengenezea Mabukwe spika ya kubeba," alituambia mimi na Mama kwa sauti ya chini, ingawa Bibi alikuwa ameshalala chumbani na asingesikia hata kwa sauti ya juu. "Simu inashika redio, spika inaongeza sauti, inatumia mawe, hakuna waya wa ukutani. Anaiweka hapa karibu na kichwa. Inasema kidogo tu. Jirani analala, yeye anasikia. Kabuga ya nini?"

"Na hizi zote mbili?" Mama aliuliza.

"Hapana, moja. Hii ya kulia ndiyo iko na mashine ndani. Ya kushoto iko tupu, ni sura tu."

Spika ya kulia. Nilisimama pale nikaona mambo yote yakijipanga. Kumbe Baba alijua ugonjwa wenyewe. Kama sikio lililokufa ni la kulia, dawa yake itakuwa nini kama si spika ya kulia?

"Baba, akiwa na hiyo ya kulia, Bibi atasikia?"

Baba alikuwa anamenya waya kwa meno. "Atasikia kila kitu," alisema.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alinikabidhi jukumu. Rafiki yake angepita kuchukua spika ya kushoto, kwa sababu redio ya kwake nyumbani ilikuwa imechanika spika na alihitaji ile karatasi ya ndani na sumaku yake. Rafiki huyo wenzake walimwita Kaburimbo, yaani lami, kwa kuwa hakuwahi kukubali abiria wa barabara ya vumbi. "Mpe ya kushoto. Ya kulia usiiguse," Baba alisema. Darasa la pili tulisoma nusu siku, kwa hiyo mchana ningekuwapo.

Nilipotoka shule nilizigeuza zile spika nikazichunguza mgongoni. Moja ilikuwa na herufi R, nyingine herufi L. Hapa naomba mnifuate polepole, kwa sababu nilifikiri kwa makini sana, na nadhani huo ndio mwanzo wa matatizo yangu yote. Shuleni herufi L ilikuwa kama mgeni. Daftari la Kinyarwanda liliweza kujaa kuanzia jalada hadi jalada usiione. R ndiyo ilifanya kazi zote. L ilikuwa herufi ya nyumbani, herufi ya Mama, ambayo Mama alitusahihisha kwayo mimi na Baba kila siku: si "karamu", ni "kalamu", si "kurara", ni "kulala". Na "kulia" nalo lilikuwa neno la Mama, na ndani yake L ilisikika waziwazi. Basi yenye L ndiyo ya kulia. Niliiweka chini ya mto wa kitanda, nikabaki na ile ya R mkononi.

Kaburimbo alifika na helmeti kichwani. "Mwiriwe, Mukecuru!" alimsalimu Bibi kutoka uani. Bibi hakugeuka. "Mukecuru amenikasirikia?"

"Sikio hilo halisikii," nilimwambia.

"Pole yake. Haya mutoto, baba yako amesema kuna spika yangu. Ile si ya kuria."

"Si kuria. Ni kulia."

"Ndiyo. Kuria."

"Ku-li-a. Mama anasema ukisema kuria watu wa Tanzania watakucheka."

"Sasa watu wa Tanzania wako wapi hapa?"

"Bibi yuko."

Alimwangalia Bibi, akavua helmeti kwa heshima. "Haya, mwarimu. Ku… ri… a."

"Iko L ndani yake!"

"Basi ibaki na L yake. Nipe hiyo ingine, abiria ananingoja."

Nikampa ile ya R. Alitoka akijifundisha njiani, kuria, kuria, na mimi nikajisikia nimefanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Imenichukua miaka kukubali kwamba siku ile mtu aliyelikosea neno ndiye aliyekuwa na herufi sahihi mdomoni.

Baba alirudi jioni na bisibisi ya kuazima. Nilimletea spika kutoka chini ya mto. Alifungua skrubu nne, akainua mfuniko. Ndani mlikuwa na sumaku, nyaya mbili na hewa.

"Ile ingine iko wapi?"

"Nimempa Kaburimbo. Ulisema nimpe isiyo ya kulia."

Baba hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitazama nje kuona jua limebaki kiasi gani, akanishika mkono, tukateremka kwa miguu hadi Sonatubes. Njia nzima nilihesabu: leo Alhamisi, kesho Ijumaa, halafu basi la Kabuga. Kilio kilikuwa karibu lakini sikulia. Tangi la maji lilikuwa mbali.

Pale wanapoegesha pikipiki tulimkuta Kaburimbo amekaa juu ya yake, katikati ya wenzake, ameishika ile karatasi ya spika na sumaku yake kama mtu aliyevua samaki.

"Kile kibao cha ndani kiko wapi?" Baba aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Kibao gani? Kile cha kijani? Nilikitoa. Kilikuwa kinanizuia." Aliinua kiti cha pikipiki, akatoa kifurushi cha gazeti. Kibao kilikuwa humo, kizima, lakini nyaya zake zote zilikuwa zimekatwa, zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka.

"Nani alikwambia ukate?"

"Nilikata taratibu."

"Kaburimbo wewe ni daktari hatari," motari mmoja alisema. "Umemtoa mtu moyo, ukabaki na sikio."

Walicheka wote isipokuwa sisi wawili. "Muniache," Kaburimbo alisema, "mimi nimefundishwa na huyu mwarimu. Alinipa mwenyewe. Akasema hiyo ya kuria iko na L."

Baba alichuchumaa mbele yangu. "L?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote kuhusu herufi ya nyumbani na herufi ya shuleni. Alisikiliza mpaka mwisho, akifikicha macho kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hizo herufi ni za Kiingereza. Kwa Kiingereza L ni kushoto. R ndiyo kulia."

"Ee!" Kaburimbo aliruka chini. "Mumesikia? R ndiyo ya kuria! Nirisema mimi!"

Nilikubali kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kama Waingereza wana herufi yao ya machozi, hiyo ni shauri yao. Kaburimbo aliahidiwa ile ya L kama fidia ya huzuni yake, akaturudishia kila kitu ndani ya gazeti, pamoja na skrubu.

Ijumaa mchana Baba hakurudi kazini. Hatukuwa na chuma cha kulehemu. Alichukua kipande cha shaba, akakifunga kwenye mpini wa mbao, akakiweka kwenye jiko la mkaa mpaka kikabadilika rangi. Ile harufu bado ninayo: mkaa, mafuta meupe yanayopakwa kabla ya kulehemu, na risasi ikiyeyuka na kuwa tone dogo linalong'aa kama jicho la samaki. Kazi yangu ilikuwa kushikilia nyaya zisitetemeke. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mawe ya redio yalikuwa manane. Tuliyapanga kwa mstari, kila moja uso wake mgongoni mwa mwenzake, kama wanafunzi asubuhi, tukayaviringishia jalada la daftari langu na kuyafunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mama alikuwa pembeni akishona mfuko wa kitenge wenye kamba ndefu, wa kutosha spika, simu na mawe. Hakuuliza kama kifaa kitafanya kazi.

Mara ya kwanza hakikusema kitu. Mara ya pili kilinguruma kama tumbo. Baba alifungua, akapuliza, akalehemu upya waya mmoja ambao alidai ndio mchawi, akafunga. Kisha akazungusha kitufe, na mtu akaanza kuongea humo ndani, mwanzoni kama anaamka, baadaye waziwazi.

"Inalia!" Baba alipaza sauti. "Inalia! Mmesikia? Inalia!"

Nilisogeza sikio. Mtangazaji alikuwa anasoma habari za zao la viazi, tena kwa furaha. Nilimtazama Baba, nikaona ni vizuri nisimharibie.

Alivitia vyote ndani ya mfuko wa kitenge, akanivisha begani. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, na nguo zake zilikuwa zimeshakunjwa. Baba hakuweza kwenda mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akanong'ona:

"Mpelekee bibi yako. Mwambie ni ya kwake. Mwambie… mwambie haiwezi kwenda Kabuga."

"Kwa nini?"

Alifikiri. "Mwambie mawimbi hayafiki Kabuga."

Nilivuka sebule na ule uzito kifuani, nikazunguka kiti, nikasimama upande wa uani, na kuinua spika mpaka kwenye lile sikio lililokufa.

"Siyo huko," Baba alisema nyuma yangu. "Kushoto."

"Hapana. Kulia."

"Mtoto, sikio la kulia halisikii!"

"Ndiyo maana!" Sikuwahi kumjibu Baba hivyo. "Ndiyo maana nimeiweka hapa! Si ni spika ya kulia? Ili asikie mtu akilia!"

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika fremu ya mlango akainama, mabega yakitikisika, na Baba alipoyapitia tena maneno yangu kichwani naye akaangua kicheko, kile cha machozi, cha mtu aliyekaa siku tatu na wasiwasi. Nami, kwa kuwa walikuwa wanacheka, na kwa kuwa kesho ilikuwa Jumamosi, nikafungua mdomo nikalia kwa sauti yangu yote, hatua moja kutoka kwenye sikio lile, na Bibi hakusikia.

Aliona tu nyuso zetu. "Kuna nini?" aliuliza. "Huyu anasema nini?" Akageuka, akatoa sikio zima. Mama alimwinamia akamweleza yote, akikatizwa na kicheko chake mwenyewe: sikio la vilio, sikio la vichekesho, L na R.

Bibi hakucheka hata kidogo.

"Izime hiyo," alisema. Nikaizima. Alinishika kiwiko, akanivuta kwa mbele mpaka upande wake wa pili, akanikalisha kwenye ukingo wa kiti. "Ulilia lini?"

"Lini lini?"

"Siku ambazo sikusikia. Niambie."

Nilimwangalia Mama. Mama alikuwa ameacha kucheka. Basi nikaanza, sikioni mwake, polepole. Nilimwambia ya kuanguka uani na goti lililotoka damu. Bibi akasema, "Pole, mama." Nikamwambia ya kifaranga na mwewe. "Pole, mama." Nikamwambia wenzangu shuleni waliponicheka kwamba naongea kama mtu wa kwingine, na siku Mama aliposafiri na sweta lake likabaki msumarini. Kila moja alilipa pole yake peke yake, hakuchanganya. Nikamweleza habari za tangi la maji. Hapo alifumba macho kidogo. Baba alitoka nje kwenda kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Na nyingine?"

"Ya jana, kwenda Sonatubes. Lakini hiyo sikuilia."

"Hiyo nayo tutaihesabu."

Ndipo nikakumbuka nimetumwa. "Baba anasema hii spika ni ya kwako. Lakini haiwezi kwenda Kabuga. Mawimbi hayafiki Kabuga."

Bibi alikuwa amesikiliza redio nyumbani kwa Mama Mkubwa, huko huko Kabuga, kila Krismasi. Alitazama mlango wa uani, ambako mgongo wa Baba ulikuwa unaonekana umeinamia tairi.

"Mwambie baba yako," alianza. Akanyamaza. Akapaza sauti mwenyewe, juu ya kichwa changu: "Mwanangu! Nimesikia."

Baba aliinuka taratibu. Hakujua aweke wapi mikono. "Asante, Mabukwe," alijibu, moja kwa moja, na mimi nilibaki katikati yao nikiwa sina cha kutafsiri.

Jumamosi asubuhi Mama Mkubwa alipiga simu kutoka Kabuga kuuliza basi limefika wapi. Bibi aliishika simu ya Mama kwa mikono miwili kwenye sikio lake zima.

"Siji," alisema. "Hapana, siumwi. Hapana, hawajanikataza… Nina kazi. Kuna mtoto hapa hajamaliza kunieleza." Akasikiliza kidogo. "Utaelewa siku nyingine," akarudisha simu.

Kisha akasimama, akashika mgongo wa kiti chake akakiburuta sakafuni. Tangu nimfahamu, kiti kile kilikuwa kimetazama upande mmoja, sikio zima kwenye redio, sikio bovu uani. Alikigeuza, akakaa, akainuka, akakigeuza tena kidogo, mpaka sikio zima likaelekea uani lote, pamoja na nyuma kule kwenye tangi. Mfuko wa kitenge akautundika kwenye msumari upande ule wa pili. Spika ilisema kwa chini, jirani asiamke, na nina hakika kwamba kuanzia siku ile Bibi aliambulia nusu ya habari za nchi hii.

Baba aliporudi kula mchana aliuona mfuko uko upande usiosikia. Akadhani amesahau. Aliinua mkono auhamishe.

"Uache, mwanangu," Bibi alimwambia. "Si ni ya kulia?"